Mwaka Mmoja Bila Matembezi ya Kona: Kwako, Sponji

Mwaka umetimia, Sponji, tangu ulipoketi kando ya ukuta wa ghala la chupa, ukawaambia watoto watangulie, wewe unapumzika kidogo, na hukuinuka tena.

Tunakuandikia sisi wa nyumbani. Wale wa ukoo wameshatoa tangazo lao. Wamekuita mjasiriamali katika sekta ya samani, mpenda maendeleo na nguzo ya familia pana. Tulilisoma sebuleni, tukatazamana. Mama yako, ambaye macho hayamsaidii siku hizi, aliomba asomewe tena, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza huyo marehemu ni wa ukoo gani.

Wewe ulikuwa fundi makochi. Ulikuwa na chumba kimoja chenye mlango wa bati, kimejaa harufu ya gundi na vumbi la sponji, na makochi ya watu yamesimama humo yamevuliwa nguo, mbao na springi nje. Ulikuta mengi ndani ya makochi hayo: kalamu, vichana, funguo za nyumba zilizokwisha kubomolewa, mara moja jino la mtoto. Vyote uliwarudishia wenyewe, hata jino. Vifungo tu ndivyo ambavyo hakuna aliyewahi kuvidai, na kwa vifungo hivyo watoto walijenga miji sakafuni, wakapanga majeshi, wakaozesha wafalme. Kitinda mimba wako alitaka kumeza kimoja kabla hajajua kutembea, ndipo ukamwita Kifungo, na jina likamganda.

Kochi likiisha, hukumwita mwenyewe kwanza. Uliwaita watoto. Walirukia, wakajitupa, wakalala kichwa chini miguu juu, nawe umesimama na nyundo mkononi unasikiliza. Springi ikilalamika, unafungua kitambaa na kuanza upya. Wapo wateja waliochukia kusikia kwamba kochi lao la heshima limeshakaliwa na makalio ya mtaa mzima. Uliwaambia waende kwa fundi mwingine. Walikwenda, na wengi wao walirudi.

Na ulijua kucheza. Tunalisema hivyo hivyo, maana watu wazima wengi hawajui na hawajui kwamba hawajui. Umeme ukikatika, mtaa mzima unalaani, wewe unawasha tochi na mikono yako inatoa mbuzi ukutani, mbuzi anatafuna, kisha anageuka kuwa shemeji yako anayetafuna. Mvua ikipita, ulikuwa mtaroni na watoto mnashindanisha mashua za karatasi, na yako kila mara ndiyo iliyozama. Mashuka yalitandazwa juu ya meza yakawa hema. Hadithi ilisimuliwa kwa zamu, kila mtu sentensi moja, na kwa kuwa Kifungo alimuua shujaa kila ilipofika zamu yake, sisi wengine tulishinda tukimfufua.

Kulikuwa pia na mashindano ya kunyamaza. Anayetoa neno kwanza anaosha vyombo. Dada yako mkubwa alipotutembelea alicheza pia, kwa kuwa aliona aibu kukataa mbele ya watoto, na hajawahi kushinda hata siku moja. Mwanamke yule ameosha vyombo vyetu kuliko mkeo.

Sasa tumfikie huyo dada yako, maana hatuwezi kumzunguka, ni mpana. Yeye alikuwa na jina moja kwa michezo yako yote: ujinga. Mumewe, ambaye hujitambulisha kwa cheo kabla ya jina, na ndiyo maana hapa nyumbani tunamwita Meneja tu, alikuwa na jina la kistaarabu zaidi: ukosefu wa uwezo. Walisema unawachezesha watoto vifungo na maboksi kwa sababu huna cha kuwapa. Watoto wao wenyewe walipelekwa kwenye jumba la kuchezea la kulipia, lenye mitelezo ya plastiki na muziki wa kupasua masikio, ambako wazazi hukaa pembeni wameinamia simu na watoto hurukaruka ndani ya wavu, mpaka kengele ilie na kila mmoja atolewe akipiga kelele. Kisha waliletwa kwetu wamenuna, wakaona hema chini ya meza, wakaomba kulala humo. Asubuhi dada yako aliwakuta wanacheka na akakasirika kama mtu aliyeibiwa.

Alikuwa akikuambia, mkono mtupu haulambwi. Wewe hukubishana naye. Uliunusa mkono wako, ukamwambia una gundi kidogo, kwa hiyo ni kweli, asiulambe.

Lakini kilichokuwa chako hasa ni matembezi ya kona. Kila Jumapili alasiri tulitoka langoni wote, na tulipofika penye njia panda, aliyekuwa mdogo kuliko wote ndiye aliyechagua: kushoto, kulia au moja kwa moja. Mkubwa hakuruhusiwa kuuliza tunakwenda wapi. Hakuruhusiwa kusema njia hii haina kitu. Hakuruhusiwa kununua chochote, wala kugeuza, mpaka mdogo aseme mwenyewe neno "nyumbani". Cheo hicho alikishika mwanao wa kwanza, kikashuka kwa wa pili, kikamfikia Kifungo, na hapo kikakaa kwa sababu baada yake hakuzaliwa mwingine.

Kifungo hakukichezea. Alisimama kwenye kona mikono kiunoni, akafumba jicho moja, akanusa hewa, na sisi wote tulio na akili zetu timamu tulisubiri. Alitupeleka nyuma ya karakana ambako viti vya mabasi ya zamani vimepangwa kama vinasubiri abiria. Alitupeleka kwa kinyozi mmoja tukamkuta uani anamnyoa mbwa wake. Alitupeleka kwenye njia isiyo na kitu kabisa, na wewe ukalala chali kwenye majani ukasema hapa ndipo. Mkeo mwanzoni alikuja shingo upande. Baadaye yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Siku ile Kifungo alichagua kushoto, kile kilima kidogo cha ghala la chupa, kwa sababu alisikia chupa zinagongana na alitaka kumwona anayezigonga. Ukapanda nusu ya kilima. Mengine yote tunayajua na hatutayarudia hapa.

Daktari alimwambia mkeo kwamba moyo wako ulikuwa mgonjwa kwa miaka, kwamba ulijua, na kwamba ungeweza kuanguka hata kitandani. Vidonge vilikutwa kwenye droo ya mashine ya kushonea, chini ya nyuzi. Hilo la vidonge mkeo bado hajakusamehe, na ameomba liandikwe.

Basi ungedhani maneno ya daktari yalitosha. Kwa mtu mwenye kiasi yangetosha. Lakini siku ya pili ya msiba, chumba kimejaa wanawake waliokaa kwenye mikeka, dada yako alikuwa na huzuni na alikuwa na wasikilizaji, na vitu hivyo viwili vikikutana kwake hakuna kinachopona. Alisema kaka yake amekufa kwa ajili ya mchezo wa kitoto. Alisema kama si yule mtoto kuchagua njia ya kilima, kaka yake angekuwa hai. Ulimi hauna mfupa, na wa dada yako haujawahi hata kuwa na breki. Wanawake waliguna, wengine kwa kukubali, wengine kwa haya. Mkeo alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha akaona shuka la mezani linatikisika, akalifunua, na chini ya meza alikuwepo Kifungo, amekumbatia magoti, amesikia yote.

Tangu siku hiyo, Sponji, mtoto wako hakuchagua kitu.

Tunataka uelewe tunachosema. Hakuwa mtoto anayelia, wala hakukataa kula. Ukimwuliza chai au maziwa, anakwambia chochote. Ukimwuliza gauni lipi, anasema wewe sema. Mwalimu wake alimwita mkeo shuleni akamwonyesha mtihani ambao majibu yalitakiwa kuchaguliwa, na karatasi ilikuwa nyeupe, ingawa mtoto alipoulizwa kwa mdomo alijua yote. Akipewa rangi za kuchorea, alitumia iliyokuwa karibu mpaka ikaisha. Na njiani, akifika kwenye kona, alisimama. Hakuangalia kushoto wala kulia. Aliangalia viatu vyake mpaka mtu amshike mkono amvute.

Mkeo alijaribu. Alimpeleka kwa yule daktari amweleze mwenyewe habari za moyo, na daktari, tunampa haki yake, alijieleza vizuri kwa lugha ya mtoto. Kifungo alisikiliza kwa adabu, akashukuru. Walipotoka mlangoni mkeo alimwuliza wapite njia ipi kurudi, na mtoto akaanza kutetemeka. Mkeo alimbeba, mtoto mkubwa vile, mpaka nyumbani. Usiku alisema na mama yako kwamba baba wa mtoto ameshakwenda na hilo amelimeza, lakini kama na mtoto naye anakwenda huku yupo, hilo hawezi kulimeza.

Matembezi ya kona yalikufa. Tungetembea vipi bila wa kuchagua?

Ndipo ukoo ukakumbuka kwamba mwaka unatimia. Dada yako aliunda kamati. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Wahenga hawakuwahi kukaa kwenye kamati ya dada yako. Kamati ilikaa, ikanywa soda, ikaamua kwamba wewe, mtu uliyependa watoto na matembezi, utaenziwa kwa matembezi. Mpaka hapo hakuna kosa. Kisha wakayapangia njia. Wakachapisha fulana. Wakachagua wageni wa heshima watakaotangulia, na wageni wa kawaida watakaofuata, na watoto waliwekwa nyuma kabisa wasije wakavuruga safu. Meneja ndiye aliyechora ramani, na aliichora vizuri: barabara ya lami tupu, kulia, kulia, kulia tena, mpaka ukumbini.

Walipokuja kumwarifu mkeo, alikuwa karakanani na mwanao wa kwanza, ambaye sasa ndiye anayeshika nyundo yako. Alisikiliza. Aliuliza watoto watafanya nini. Dada yako akasema watakaa wasikilize. Mkeo akasema hewala. Hewala si utumwa, na mwanao alipotaka kusema kitu alimkanyaga mguu.

Siku yenyewe ilianza na hotuba, uwanjani, kabla ya kutembea. Tungependa ungeiona. Watoto wa mtaa wote, wale wale waliozoea kurukia makochi yako, walipangwa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, wakaambiwa wasijitikise. Meneja akapanda jukwaani akasoma kuhusu umuhimu wa michezo kwa makuzi ya mtoto. Alisoma kwa muda mrefu sana. Mvulana mmoja aliona panzi, akainuka kumfuata, akarudishwa kwa kushikwa sikio, na Meneja akaendelea kueleza kwamba mtoto lazima apewe uhuru wa kuvumbua. Hakuna aliyecheka. Watu wazima walitikisa vichwa kukubali, na mmoja alisinzia katikati ya kukubali.

Mshereheshaji akaomba dakika moja ya ukimya kwa heshima yako. Dada yako alishindwa, kama kawaida. Alimwambia mtu asogeze kiti.

Kisha matembezi yakaanza. Kifungo alivishwa utepe kifuani ulioandikwa "Binti wa Marehemu", kana kwamba watu wangemchanganya na binti wa mtu mwingine, akawekwa mbele kabisa kwa ajili ya wapiga picha, mkono wake kwenye mkono wa mama yake. Pembeni yao dada yako na kipaza sauti. Nyuma yao Meneja, wageni wa heshima wamevaa fulana juu ya mashati, halafu umati, halafu watoto. Mama yako alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu na mwanao wa kwanza. Tukafika njia panda ya kwanza.

"Kulia," dada yako alitangaza. "Wote kulia."

Mkeo alisimama. Kwa kuwa alikuwa mbele, na wote walimfuata, msafara mzima uligongana vifua kwa migongo mpaka nyuma. Dada yako alifikiri amechoka. Akamsogelea, akashusha sauti.

"Wifi, twende, wageni wanangoja."

"Wangoje," mkeo alisema. "Hii ni kona."

Dada yako hakumwelewa, au alijifanya. Alionyesha ramani ya Meneja. Akasema ukumbini chakula kinapoa. Mkeo alimwambia kwamba kama ni matembezi ya mumewe, basi yana sheria zake, na kama si ya mumewe wavue hizo fulana zenye jina lake. Alisema bila kupaza sauti, lakini kipaza sauti kilikuwa bado hakijazimwa, na maneno yale yaliwafikia mpaka wale wa nyuma waliokuwa wameanza kula karanga. Wageni wa heshima walitazama angani. Jua lilikuwa kali na hawakuwa watu wa kuzoea kusimama juani bila mwavuli, na tulifurahi, hatutaki kukuficha.

Mkeo akachuchumaa barabarani, nguo yake nzuri kwenye vumbi, akamgeukia Kifungo.

"Chagua, mwanangu."

Kifungo aliangalia viatu vyake. Alikuwa ameshaanza kutetemeka, utepe ule wa kijinga ulikuwa unamcheza kifuani. Meneja alikohoa. Mtu akasema jamani mtoto mwenyewe hataki. Mkeo hakuinuka wala hakugeuka. Alikuwa amengoja mwaka mzima, hakuona haja ya kuharakishwa na mtu aliyevaa miwani ya jua.

Kifungo alisema kwa sauti ndogo, "Mama, nikichagua mtu akaanguka?"

"Tutamwinua."

"Asipoinuka?"

Mkeo angeweza kumdanganya. Watu wote waliokuwa pale, kwa desturi zao, wangemdanganya, wangemwambia hakuna mtu atakayeanguka, na mtoto angejua ni uongo, kwa sababu alikuwepo kwenye kile kilima.

"Asipoinuka tutakaa naye chini," mkeo alisema, "kama tulivyokaa na baba. Tutalia. Lakini hatutasema ni wewe. Atakayesema ni wewe, atanikuta mimi."

Hakumtazama dada yako aliposema hivyo. Hakuhitaji. Watu wote walimtazama kwa niaba yake.

Kifungo akainua kichwa. Akaangalia kulia, ile lami yao. Akaangalia kushoto. Hakuweka mikono kiunoni, wala hakufumba jicho, alikuwa bado ana hofu, lakini alinyoosha kidole, na kidole kilielekea kwenye kichochoro kati ya kuta mbili, nyuma ya mahali pa kuoshea magari, ambacho hata kwenye ramani ya Meneja hakikuwepo.

Sponji, tuliingia humo. Msafara mzima. Mkeo na mtoto mbele, mama yako kwenye kiti chake akisema twende twende, na watoto, waliokuwa wamewekwa mwisho, wakapita chini ya mikono ya wageni wa heshima na kuwaacha. Maji ya kuoshea magari yote humiminika kwenye kichochoro kile, na chini kulikuwa na tope laini jeusi linalong'aa. Fulana nyeupe zilipata rangi. Meneja alipita kwa kuinua suruali na vidole viwili, akitembea kama mtu anayevuka mto wenye mamba. Mgeni mmoja wa heshima aligeuza akaenda zake, na msafara haukupungukiwa kitu.

Dada yako alikuwa na viatu virefu. Alikuwa anazungumza, hatujui na nani, kisha kiatu kimoja kikabaki kwenye tope na mwenyewe akaendelea. Akaanguka. Alikaa chini kwa kishindo, mzima mzima, tope mpaka kifuani.

Watoto walianza kucheka, kisha wakaona uso wa Kifungo wakaacha. Mtoto alikuwa amegeuka. Mkono mdomoni, rangi imemtoka, hapumui. Alichagua kona na mtu ameanguka, na mtu mwenyewe ni yule yule aliyesema. Mkeo alikuwa ameshakunja ngumi, kwa sababu aliujua mdomo ule, na alijua kwamba neno moja tu likitoka humo mtoto wake harudi tena.

Dada yako alimwangalia Kifungo. Tulimwona akimwangalia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alinyamaza bila kuambiwa.

"Ni viatu, mama," alisema. "Shangazi yako amevaa viatu vya kipumbavu. Si wewe."

Hakuongeza hotuba. Alivua kile cha pili, akamrushia Meneja ashike, na Meneja akakishika. Kisha akaipangusa pua yake kwa mkono wenye tope, jambo ambalo halikusaidia pua.

"Si wewe," akarudia. "Haya. Kona inayofuata tunakwenda wapi?"

Kifungo alimwendea. Akampa mkono amwinue, mtoto mwembamba vile na shangazi mkubwa vile, na ikawa kama ambavyo ungetarajia: hakuna aliyeinuka, wakaketi topeni wote wawili. Mkeo naye akaenda akaketi, ili wasionekane wapweke. Mama yako akauliza kuna nini huko mbele, mbona tumesimama, na mwanao wa kwanza akashindwa kumjibu kwa kucheka na kulia.

Mwisho wa kichochoro, Kifungo alisema kulia. Baada ya hapo akasema moja kwa moja. Ukumbini hatukufika, na chakula walikila waliopenda ukumbi. Giza lilipoanza kuingia ndipo aliposema nyumbani.

Usitudhanie kwamba tumekuwa wema. Dada yako ni yule yule. Wiki hiyo hiyo alimwambia kila aliyemsikiliza kwamba wazo la kupita kichochoroni lilikuwa lake, na Meneja ameshaandika ripoti ya mafanikio. Bado tunawaona ni watu wa hovyo na tutaendelea kuwaona hivyo kwa furaha. Lakini hilo alilisema, topeni, mbele za watu, na mtoto alilisikia. Tunamwandikia hilo moja, asije akasema tumempunja.

Jumapili sasa tunatoka tena. Watoto wa majirani wanakuja pia, na wa Meneja, ambao baba yao anadhani wako kwenye masomo ya ziada. Hatununui kitu. Hakuna anayeuliza tunakwenda wapi, isipokuwa dada yako, ambaye huuliza kila kona.

Unakumbukwa na mama yako mzazi, anayesema bado anasikia nyundo, na mkeo, ambaye vile vidonge mtakuja kuvizungumza mkikutana, na mwanao wa kwanza karakanani, na wa pili aliye masomoni, na dada yako na mumewe, tumewaweka kwa kuwa wangeuliza, na watoto wote wa mtaa, na Kifungo.

Picha iliyo juu ya maneno haya ameichagua yeye. Tulimpa nyingi, na nyingine umependeza sana, unatabasamu, umekunja mikono kifuani. Akazitupa zote. Akashika hii ambayo uko nyuma ya kochi, umeinama, na kinachoonekana ni mgongo na soli za viatu vyako. Tulimwambia uso hauonekani, watu hawatajua ni nani. Akatuambia ni hii hii, na kama hatuitaki tuchague nyingine lakini yeye ameshachagua.

Hatujakusahau, Sponji, wala hatuna mpango huo.